Somo: Glavu za upasuaji, na kwa nini tuzibadili kabla ya kushona tumbo

Mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji alirudi wodini siku ya saba, mshono umeachia na usaha unatoka, mtoto amebebwa na bibi yake. Sijamsahau. Ndiyo maana naandika.

1. Vua saa, pete na bangili. Kucha ziwe fupi. Kiangazi hiki upepo wa Dodoma unapenyeza vumbi kila mahali, kwa hiyo funga madirisha kabla ya kufungua pakiti yoyote.

2. Nawa dakika 3 hadi 5 mpaka kwenye viwiko, viganja vikiwa juu. Glavu haichukui nafasi ya kunawa: ndani yake mkono unatoka jasho na bakteria wanazaliana.

3. Vaa gauni. Glavu ya kwanza ishike kwenye pindo, upande utakaogusa ngozi. Ya pili iinue kwa vidole vilivyokwisha kuvaa glavu, ukivipitisha chini ya pindo. Ngozi ikigusa nje, tupa.

4. Vaa jozi mbili, ya ndani iwe ya rangi iliyokolea. Ya juu ikitoboka, unyevu unaingia na rangi inajitokeza. Bila hivyo tundu huligundui mpaka unavua, unakuta damu kwenye kucha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

5. Ikitoboka, badili papo hapo. Na kabla ya kufunga tumbo, timu nzima ibadili glavu na vifaa vya kushonea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 13,301 katika nchi saba, Rwanda ikiwemo, ulionyesha vidonda kuambukizwa kwa asilimia 16 walipobadili, na karibu 19 wasipobadili. Watatu katika kila mia ni wengi.

Maswali ya wanachama

Shikamoo sista. Glavu zikiwa chache, nipake spiriti nje niendelee?
Marahaba mdogo wangu. Hapana. Spiriti inadhoofisha mpira, na tundu haizibi.

Sista, huku kwetu Mpwapwa za rangi hatuna.
Vaa mbili za kawaida. Ukihisi unyevu kidoleni, badili zote.

Mimi glavu zinaniwasha hadi mikono inavimba.
Pole sana. Mweleze msimamizi wako mapema, uombe zisizo za mpira asilia na zisizo na unga. Mgonjwa naye muulize kabla hajalala mezani: kama puto humvimbisha midomo, glavu za mpira zisimguse.