Keki ya Runeberg: namna ya kuioka isikauke wala isirojeke

Tarehe 5 Februari Wafini hupandisha bendera kwa ajili ya Johan Ludvig Runeberg, mshairi wao wa taifa, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1804. Aliandika kwa Kiswidi, na maneno ya wimbo wa taifa wa Ufini ni shairi lake. Siku hiyo huliwa keki ndogo iliyosimama wima kama kopo, jemu nyekundu kichwani, imezungushiwa duara la sukari nyeupe. Kwa Kifini ni *Runebergintorttu*.

Sifa ya kuibuni hupewa mkewe, Fredrika. Ni kweli keki hii imo katika daftari lake la mapishi la miaka ya 1850, ila inaaminika alimfuata Lars Astenius, mwokaji wa Porvoo, mji walioishi. Kwa mpishi, la kushika ni kwamba hii ni keki ya chenga za biskuti na mkate mkavu. Chenga hunywa maji kupita unga. Ukiacha kuinywesha shira, umeoka tofali.

Mahitaji ya keki 12

Siagi gramu 200, sukari ya kahawia gramu 170, mayai 2, unga wa ngano gramu 170, biskuti za tangawizi zilizosagwa gramu 80, lozi zilizosagwa gramu 100, malai mililita 100, beking pauda vijiko 2 vya chai, iliki kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo.

Shira: maji mililita 150, sukari gramu 75, ramu vijiko 3 vya chakula. Asiyetumia pombe aweke maji ya chungwa kiasi hicho hicho. Haitakuwa na harufu ileile, lakini ni keki kamili.

Juu: jemu ya raspiberi, sukari ya unga gramu 100, maji ya limau. Jemu ya stroberi hufaa, ila ni tamu mno, ikamulie limau.

Hatua ya 1: vikopo. Kipenyo sentimita 5, kimo sentimita 6. Kama huna, kata karatasi ya kuokea vipande vya sentimita 19 kwa 12, kunja kila kimoja kwa urefu kibaki na upana wa sentimita 6, kizungushe kiwe bomba na ukibane kwa stepla. Yasimamishe kwenye trei yakiwa yamesongamana ili yasilale. Trei ya keki za vikombe pia huoka vizuri, umbo tu ndilo hupotea.

Hatua ya 2: rojo. Washa oveni nyuzi 190. Piga siagi laini na sukari dakika 4 hadi 5, mpaka rangi ipauke. Tia mayai moja moja, yasiwe ya baridi. Yakitoka moja kwa moja kwenye friji, siagi huganda na mchanganyiko hukatika kama maziwa yaliyoharibika; ukiona hivyo, ongeza kijiko cha unga na uendelee kupiga.

Changanya vitu vikavu pembeni, kisha uvitie kwa zamu na malai, ukikoroga kwa mwiko. Acha mara tu unga mweupe unapopotea. Lozi zisisagwe zikawa vumbi. Punje ndogo za kutafunika ndizo zinazoipa keki hii meno. Wafini wa zamani waliongeza lozi chungu kidogo. Zikiwa mbichi zina sumu, kwa hiyo tumia matone 3 ya arki ya lozi.

Hatua ya 3: kuoka. Jaza theluthi mbili tu. Ukizidisha, keki huvimba kama uyoga na kufurika. Oka dakika 18 hadi 20. Kijiti kitoke kikavu. Zikipasuka sana juu huku ndani ni mbichi, moto ulikuwa mkali: punguza hadi nyuzi 180.

Hatua ya 4: shira. Hapa ndipo wengi huharibu. Chemsha maji na sukari mpaka iyeyuke, epua, ndipo utie ramu. Ukiitia ikichemka, harufu yote huishia hewani. Kata vichwa vilivyovimba, geuza keki chini juu, toboa kwa kijiti mara tano au sita. Keki iwe vuguvugu, shira iwe moto. Mwagia kila moja vijiko 2 vya chai, subiri dakika 10, rudia. Ukimimina yote kwa mkupuo, hupita katikati na kutuama chini: kitako kinarojeka, kingo zinabaki kavu.

Funika usiku kucha. Ukiila siku hiyohiyo utaonja ramu upande mmoja na tangawizi upande mwingine. Kesho yake zimeshaelewana.

Hatua ya 5: kupamba. Bonyeza kishimo katikati, weka kijiko cha chai cha jemu. Ikiwa nyepesi, ichemshe dakika chache na uipoze kwanza, la sivyo itachuruzika na kuchafua sukari. Koroga sukari ya unga na vijiko 2 vya chai vya maji ya limau, ukiongeza tone kwa tone. Iwe nzito kiasi kwamba ukiinua kijiko inaning'inia kabla ya kudondoka. Itie kwenye mfuko wa plastiki, kata ncha ndogo, zungushia jemu duara. Isipoganda baada ya nusu saa, maji yalizidi.

Zikifunikwa hukaa friji siku 4. Kwa kugandisha, zigandishe bila mapambo.