Jinsi ya kusoma historia ya timu ya chuo Marekani bila kuchanganyikiwa, tuanze na UCF

Ukifungua rekodi za futiboli ya Marekani ya vyuo vikongwe unakutana na misimu mia na ushee, makocha kibao, unakata tamaa mapema. Anza na chuo kichanga. UCF (University of Central Florida) ya Orlando, Florida imeanzishwa 1963, timu ikaja 1979, historia yote unaimaliza jioni moja.

Usikimbilie ushindi na vipigo, anza na daraja. Sisi wa soka hapa ndo tunapopotea, maana kule hupandi kwa kubeba ligi, chuo chenyewe kinaamua kupanda, kinatafuta hela, kinaongeza skolashipu za wachezaji, kinaomba mechi na wakubwa. UCF walianzia Division III, huko chini ambako hakuna skolashipu za michezo kabisa, 1982 wakaenda Division II, 1990 I-AA (ngazi ya chini ya Division I), na 1996 wakaingia I-A, ngazi ya juu kabisa, kwa vigogo. Miaka 17 tu jamani!

Alafu andika konferensi pembeni, yaani kundi la vyuo wanaokutana kila msimu na kugawana hela za TV. UCF waliingia MAC 2002, Conference USA 2005, American 2013, Big 12 2023.

Sasa ndo uingie kwenye matokeo, na uanze na misimu mibovu, mizuri itakudanganya. 2004 kocha George O'Leary alipoteza mechi zote 11, mwaka uliofuata akashinda 8. 2015 wakapigwa zote 12, na miaka miwili tu baadae, chini ya Scott Frost, wakamaliza 13-0, yaani ushindi 13 bila kufungwa.

Huo msimu wa 2017 upe muda. Kamati ya mchujo wa kumpata bingwa wa taifa ilichukua timu nne na UCF haikuwemo, Alabama wakaifunga Georgia fainali wakabeba kombe. Shida ni kwamba Auburn waliwafunga wote wawili msimu huo huo, na Auburn hao hao tarehe 1 Januari 2018 wakachapwa na UCF 34-27 kwenye Peach Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu. UCF wakajitangaza mabingwa wa taifa, na gwaride wakafanya Disney World. Watu walicheka sana, ila Colley Matrix, mfumo wa hesabu unaotambuliwa na NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), uliwaweka namba moja, wakati kura za waandishi wa michezo wa shirika la habari la AP ziliwapa nafasi ya 6. Kwa iyo kwenye daftari lako andika vyote, nani kampa nani ubingwa na kwa kigezo gani. Mi naona ratiba yao ilikuwa laini kweli, lakini timu isiyofungwa unataka ifanye nini tena?

Mbio zao ziliishia kwenye ushindi 25 mfululizo, LSU (chuo cha Louisiana State) wakawakata 40-32 kwenye Fiesta Bowl ya Januari 2019. Ukifika Big 12 utakuta 6-7, alafu 4-8, na kabla hujasema timu imekufa weka ratiba ya 2017 na ya 2023 pamoja uone wanacheza na nani saivi.