Jinsi ya kuichakaza modeli ya Spitfire ionekane imetoka vitani kweli

Wadau wa Kigoma mlioniuliza, twende. Modeli ya 1/72 (yaani ndege halisi imepunguzwa mara 72) ni ndogo, Spitfire halisi, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, mabawa yake ncha hadi ncha ni mita 11.23 kwahiyo yako inakuja kama sentimita 15.6 hivi, ukiichafua ovyo inakua kama imetoka jalalani. Kuunganisha ni gundi kidogo na msasa laini, maungio yasionekane, basi. Piga rangi asubuhi ambapo hamna mvua, huku ziwani unyevu unafanya vanishi iwe na ukungu mweupe, inauma sana.

Rangi ikikauka piga vanishi ya kung'aa, bandika stika za maji (zile unazolowesha kwanza), alafu rangi ya mafuta nyeusi-kahawia iliyozimuliwa na tapentaini unaipitisha kwenye mistari ya bodi, unaacha kidogo unafuta na pamba kufuata upepo, yaani kutoka mbele kwenda nyuma. Hapa ndo wengi wanakosea, wanafuta duara.

Sa jiulize ndege inachakaa wapi? Rubani anapandia kushoto, basi rangi ibanduke kwenye shina la bawa la kushoto, pale linapoungana na bodi, chovya kasponji kwenye rangi ya silva, kausha kwenye karatasi, gusa tu. Nyuma ya ekzosi paka unga wa mkaa uliosagwa, chini ya bawa nyuma ya bunduki weka michirizi ya moshi. Matairi yapate vumbi, ila vumbi jekundu la hapa kwetu Mwanga, Kigoma, usitumie kama ndege yako ilikua Uingereza. Malizia na vanishi isiyong'aa.