Vitamini na tiba za nyongeza katika mshtuko wa sepsisi: ipi itolewe, ipi iachwe

Mwongozo huu unamlenga daktari, tabibu na muuguzi anayemhudumia mtu mzima ambaye maambukizi yamemfikisha mahali ambapo shinikizo la damu halisimami bila dawa ya kulipandisha, na lakteti katika damu (taka inayoongezeka seli zinaposhindwa kupata au kutumia oksijeni ipasavyo) imezidi milimoli 2 kwa lita ingawa amekwisha kupewa maji.

Kabla ya kufikiria vitamini yoyote, hakikisha tiba ya msingi imekamilika. Antibiotiki ya mshipa itolewe ndani ya saa 1, na damu ya kuotesha vimelea maabara ichukuliwe kwanza iwapo hilo halitachelewesha dozi. Chanzo cha maambukizi kitafutwe na kuondolewa: jipu litumbuliwe, mabaki ya mimba yasafishwe, utumbo uliotoboka ufikishwe chumba cha upasuaji. Noradrenalini ndiyo dawa ya kwanza ya kupandisha shinikizo, na lengo la kuanzia ni shinikizo la wastani la ateri (MAP) la milimita 65 za zebaki.

Kuhusu maji, uangalifu mkubwa unahitajika. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inapendekeza walau mililita 30 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 3 za kwanza, lakini utafiti wa Lusaka uliochapishwa mwaka 2017, ambao wagonjwa wake wengi walikuwa wanaishi na VVU, ulionyesha kwamba waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki asilimia 48, ilhali waliopata huduma ya kawaida walifariki asilimia 33. Kwa hiyo, mahali ambapo mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua ni haba, toa maji kwa mafungu madogo na umpime mgonjwa upya baada ya kila fungu. Bonyeza ncha ya kidole chake kwa sekunde 10 hadi ngozi ipauke, achia, kisha uhesabu: rangi ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, damu bado haifiki vizuri pembezoni. Sikiliza pia mapafu, na ukisikia maji yameanza kujaa, simamisha dripu.

Tiba ya nyongeza yenye ushahidi wa kutosha ni haidrokotisoni, dawa ya jamii ya steroidi. Ianze pale ambapo noradrenalini imefikia mikrogramu 0.25 kwa kilo kwa dakika au zaidi, na hali hiyo imedumu kwa saa 4 hivi. Dozi ni miligramu 50 kwenye mshipa kila baada ya saa 6. Majaribio mawili makubwa ya mwaka 2018 hayakukubaliana kuhusu vifo, lakini yote mawili yalionyesha kuwa mshtuko huisha mapema zaidi, na kupunguza siku za kutegemea pampu ya noradrenalini si jambo dogo katika wodi yenye pampu mbili. Pima sukari na sodiamu mara kwa mara, kwa kuwa vyote viwili hupanda. Mgonjwa aliyekuwa akitumia steroidi kwa muda mrefu asisubiri kigezo cha noradrenalini. Apewe mara moja.

Thiamini, yaani vitamini B1, ina nafasi yake, ila si kwa kila mgonjwa. Bila thiamini seli hushindwa kuchoma sukari ipasavyo, na lakteti hubaki juu hata shinikizo linapotengemaa. Jaribio la mwaka 2016 halikuona faida kwa wagonjwa wote kwa pamoja. Waliokuwa na upungufu wa vitamini hiyo ndio ambao lakteti yao ilishuka zaidi. Mfikirie basi mwenye utapiamlo, mlevi wa muda mrefu, na mjamzito aliyetapika kwa wiki kadhaa. Dozi iliyotumika ni miligramu 200 kwenye mshipa kila baada ya saa 12. Kwa wagonjwa wa namna hii, thiamini itangulie dripu ya sukari, au angalau ziende pamoja, isipokuwa sukari ya damu ikiwa imeshuka: hapo usiicheleweshe glukosi hata kidogo.

Vitamini C isitolewe. Matumaini yake yalitokana na ripoti ya Marekani ya mwaka 2017, iliyolinganisha wagonjwa 47 waliopata vitamini C, thiamini na haidrokotisoni na wengine 47 waliotibiwa kabla yao. Majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu hayakuithibitisha faida hiyo, na lile la LOVIT la mwaka 2022, lenye wagonjwa 872, liliona kifo au viungo kuendelea kushindwa kwa asilimia 44.5 ya waliopewa vitamini C na asilimia 38.5 ya wasiopewa. Dozi kubwa huweza pia kuziba figo kwa chembe za oksaleti, na huharibu chembe nyekundu za damu kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo si ngeni katika maeneo ya malaria.

Mgonjwa wa rufaa akifika akiwa amekwisha kudungwa dozi kubwa ya vitamini C, usiamini mashine ya kupima sukari kwenye kidole. Baadhi ya mashine hizo husoma vitamini hiyo kama sukari, zikaonyesha milimoli 18 kwa lita wakati sukari halisi ni 4, na insulini itakayotolewa kwa kufuata namba hiyo inaweza kumuua. Peleka damu maabara kwanza.

Ndugu wakitumwa kununua dawa nje, orodha yao ianze na antibiotiki, na vitamini C isiwemo kabisa. Waelezwe sababu kwa utulivu, kwa maana wengi wameshasikia sifa zake na wangeuza hata mbuzi ili mgonjwa wao aipate.