Jinsi ya kuangalia muvi za zamani za mapenzi na mapinduzi bila kuishia njiani

Doctor Zhivago ya 1965 watu wengi wanaiacha nusu saa ya kwanza, wanasema ndefu mno halafu majina ya Kirusi hayashikiki. Ni kweli inapita masaa matatu, ila kinachochosha mara nyingi ni kuingia bila kujua nchi inapitia nini. Kwa hiyo kabla hujaiwasha soma kidogo tu: 1905 waandamanaji wanapigwa, 1914 vita, 1917 mfalme anaondoka na Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin, wanashika nchi, kisha wananchi wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Ukishayajua hayo, kila Yuri na Lara, wale wapenzi wa kwenye muvi, wakitenganishwa unajua kabisa nani kawatenganisha.

Halafu soma nyuso za watu. Kuna sehemu askari wa farasi wanavamia maandamano usiku, panga zimeshachomolewa, na mwongozaji David Lean hakuonyeshi zikishuka, kamera inamgeukia Omar Sharif, ndiye Yuri, kasimama roshani anaangalia chini na mauaji yote unayaona usoni kwake. Hapo weka simu mbali, ukiinama sekunde chache tu imekupita. Ukichoka simama kwenye mapumziko ya katikati, yamewekwa humohumo kwenye filamu, malizia kesho.

Il Gattopardo (1963) tafuta ile ndefu ya Kiitaliano yenye maandishi chini, achana na ile ya Kiingereza iliyokatwakatwa. Ni Sicily 1860, Garibaldi, jemadari aliyepigania Italia iwe nchi moja, kaingia, Tancredi mtoto wa ukoo wa makabaila anamchumbia Angelica, binti wa meya aliyetajirika juzijuzi, yaani mapenzi yao ndo mapinduzi yenyewe. Mwishoni kuna dansi refu sana, karibu robo tatu ya saa, na tafadhali usiliruke!! Mfuate mzee Burt Lancaster, anayeigiza mkuu wa ukoo wa Tancredi, chumba hadi chumba, anacheza na yule binti, baadaye anajitazama kwenye kioo machozi yanamtoka. Mimi sijaona sehemu nyingine inayoonyesha hivyo enzi ikimtoka mtu mikononi.

Kama masaa matatu bado yanakutisha anza na A Tale of Two Cities ya 1935, ya mapinduzi ya Ufaransa, fupi na inaeleweka haraka.

Vitabu nashauri usome baada ya muvi. Doctor Zhivago ni kitabu cha Boris Pasternak, kilizuiwa kwao Urusi, kikatoka Italia 1957, na mwaka uliofuata akalazimishwa kuikataa Nobel. Ukikifungua utakuta mashairi ya Yuri yamewekwa mwishoni kabisa, kwenye muvi unamuona tu akiyaandika, kwa hiyo anzia hapo.