Puti ya Mashua Ipimwe Ukingoni

Mimi ni fundi cherehani. Mashua ni ugonjwa wangu wa jioni, basi usitarajie maneno ya seremala. Ila ushonaji umenifunza jambo moja linalofaa hata kwenye mbao: kiraka hakiachii katikati, huachia pale kinapokutana na nguo.

Mashua yangu ya kwanza niliziba vichwa vya skrubu kwa puti ya gari, ule uji mzito wa kujazia mashimo na mabonde. Ilikauka upesi, ikakubali msasa, ikapakwa rangi, ikapendeza. Miezi mitatu majini, viduara vikaanza kujitokeza kwenye rangi, kimoja kwa kila skrubu, kama vifungo vya shati. Nilikibinya kimoja kwa ukucha kikang'oka kizima, kigumu, hakina hata ufa. Puti ilikuwa salama kabisa. Ilikuwa imeachana na mbao tu.

Tangu hapo sitii puti kwenye chombo kabla ya kuitesa.

Kata vipande kutoka kwenye masalio ya mbao zilezile unazojengea, kwa sababu mbao hazivimbi sawasawa. Vyangu huwa na urefu wa sentimita 15 na upana wa 7 hivi, viwili kwa kila puti, na viwili zaidi visivyotiwa kitu ili uwe na cha kulinganishia. Kwenye kila kipande toboa tundu la upana wa milimita 20 na kina cha 10. Kando yake chonga kwa patasi mfereji mwembamba unaokata nyuzi za mbao. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, kwa hiyo mfereji wa namna hiyo unailazimisha puti kuvutana na mbao. Namba ichonge kwa kisu. Mimi niliandika kwa kalamu, maji yakafuta, nikabaki na vipande visivyo na majina.

Kisha ziba ncha zote za vipande, hata vile visivyo na puti, kwa epoksi tupu, ile gundi ya majimaji mawili yanayochanganywa yakawa magumu. Hapa nilipoteza wiki mbili mara ya kwanza. Mbao hunywa maji zaidi kupitia nchani, na mizani yangu ilikuwa inanionyesha kiu ya mbao, si ya puti.

Nilijaribu sita: puti ya maji ya kuzibia fanicha za ndani, puti ya gari, puti ya chokaa na mafuta ya kitani, na epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, na silika (unga mweupe laini wa madini), na vile vitufe vidogo vya kioo vyenye uwazi ndani.

Epoksi haitaki kubahatisha vipimo. Puti ya gari ukiizidishia kidogo dawa ya kuikausha itakauka haraka tu, lakini epoksi ukizidisha upande mmoja itabaki laini au yenye kunata. Changanya kwanza majimaji mawili hayo hadi yawe kitu kimoja, ndipo utie unga. Usirundike mengi kwenye kikombe kirefu, yatajipasha moto hadi kutoa moshi. Na kabla ya kujaza tundu, lipake epoksi tupu kwa brashi. Mbao kavu hunyonya umajimaji wa puti na kuuacha ukingo na njaa, na ukingo ndio tunaoupima. Vaa glavu. Mimi nilijiona mjanja, na sasa mkono wangu wa kushoto hutoka vipele hata nikipitisha msasa kwenye epoksi ambayo haijakauka vizuri.

Acha vikae wiki nzima. Vya epoksi vinaweza kuota utando kama wa nta. Uoshe kwa maji na kitambaa cha kusugulia kabla ya msasa, maana msasa peke yake huusambaza, na rangi haitashika. Wakati wa msasa sikiliza mkono wako. Silika ilikuwa ngumu kuliko mbao yenyewe, nikasugua na mbao ikaliwa, puti ikabaki imesimama kama kovu. Vitufe vya kioo viliondoka kwa raha.

Kipande kimoja cha kila jozi kipake rangi nyeusi, kingine kiache wazi. Sasa mateso: usiku ndani ya ndoo, jiwe juu yake, mchana juani. Mara 14. Pima uzito kila asubuhi baada ya kufuta maji, uandike.

Kila siku ya tatu paka wino mwekundu juu ya mpaka wa puti na mbao kwenye kile kisicho na rangi, halafu ufute mara moja. Palipoachana wino hubaki ndani, hata kama jicho halioni kitu. Kwenye kile cheusi pitisha sindano polepole ukingoni. Ikikwama, kuna ufa.

Puti ya maji ilikuwa uji usiku wa pili, nikaitupa. Puti ya gari ilinidanganya tena: ngumu, nyororo, na siku ya tisa wino ukachora duara kamili. Ile ya chokaa na mafuta ilikuwa bado inashika alama ya ukucha siku ya mwisho. Kwa tundu la skrubu haifai, lakini kati ya ubao na ubao, juu ya kalafati (nyuzi za pamba zinazoshindiliwa kati ya mbao), ulaini huo ndio unaotakiwa, kwa kuwa mbao zikivimba lazima kitu kiachie nafasi. Epoksi zote tatu hazikupata mstari. Ila kile cheusi chenye vitufe vya kioo, kikiwa bado cha moto kutoka juani, kilibonyea chini ya sindano. Epoksi ya kawaida hulegea ikipata joto kali, na rangi nyeusi inalivuta.

Mwisho bana kipande kwenye jiliwa, mfereji ukiwa juu kidogo ya taya zake, ukipige nyundo. Tazama palipovunjika. Puti ikitoka na nyuzi za mbao zimeing'ang'ania, mbao ndiyo iliyoshindwa, na hapo umepata puti. Ikitoka safi kama kifungo, unajua.

Mashua mpya nimeziba skrubu kwa epoksi na unga wa mbao. Silika nimeiweka kwenye maungio yanayobeba uzito, yasiyohitaji msasa. Vitufe vya kioo viko juu ya mstari wa maji kusawazishia mabonde, na ubavu wote nimeupaka nyeupe. Kipande kimoja cha akiba nimekifunga kamba, kinaning'inia majini ilipofungwa mashua. Nikienda kumwaga maji ya ndani nakivuta, napitisha sindano, nakirudisha.