Somo: Uji wa mtoto wakati wa joto, ulainike bila kuongezwa maji

Januari hadi Machi, kabla masika hayajaanza, jua la Moshi mjini na huku chini Kahe linawaka kwelikweli, na mtoto wa mwaka mmoja hukataa chakula kizito. Wengi wetu hukimbilia kuongeza maji kwenye uji. Ataunywa, ndiyo, lakini tumbo lake dogo linajaa maji, chakula hakimo. Kinachotakiwa ni kimea, yaani unga wa ulezi ulioota.

Hatua ya 1: Loweka nusu kilo ya ulezi usiku kucha, chuja, tandaza juu ya kitambaa kilicholowa, funika. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya 2 au ya 3 utaona vimizizi. Anika mpaka ukauke kabisa, saga, hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Ukiota ukungu, mwaga wote. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupikwa. Na usiweke mtama badala ya ulezi, chipukizi zake zina sumu.

Hatua ya 2: Chukua maji nusu lita na unga wa uji vijiko 8 vya chakula. Vuruga unga kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga dakika 15. Tia kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Utakuwa mzito, karibu na ugali. Usiogope.

Hatua ya 3: Epua, acha kama dakika 10 upoe kiasi, ubaki wa moto lakini si wa kubabua. Weka kijiko 1 cha chai cha kimea, koroga. Baada ya dakika 5 hadi 10 utaona unateleza wenyewe, na unga ni uleule. Kisha urudishe jikoni uchemke dakika 2 au 3, maana kimea ni kibichi na kimeota kwenye unyevu, mahali vijidudu vinapopenda.

Hatua ya 4: Panga saa. Mtori au uji huu apewe kabla ya saa 4 asubuhi, na mlo mwingine mzito jua likishapoa. Mchana mpe parachichi, tikiti, mtindi. Uji uliobaki kwenye bakuli zaidi ya saa 2 usimpe tena.

Maji: miezi 6 hadi 11, mafunda machache kwa kikombe baada ya kula, huku akiendelea kunyonya. Miaka 1 hadi 3 ni kama lita 1.3 kwa siku, miaka 4 hadi 8 lita 1.7, ukihesabu maziwa, uji na supu humohumo. Mtoto akicheza hasemi kiu, kwa hiyo angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, amechelewa kunywa. Chai usihesabu; ikinywewa na chakula huzuia madini ya chuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Wangu uligoma kulainika, nimerudia mara mbili.
Ulitia kimea uji ukiwa unatokota. Kinachokata wanga hufa kwa moto mkali. Au ulezi haukuota vizuri.

Mama mkwe anasema mjukuu wa miezi 4 ana kiu, nimpe maji?
Hapana, dada. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe. Bibi mweleze taratibu.

Niko Arumeru, maji yetu yanageuza meno kuwa kahawia. Nikichemsha yanafaa?
Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Ya mtoto kunywa na kupikia tafuta ya mvua au ya chanzo chenye floraidi kidogo. Magadi nayo usimtilie kwenye chakula. Mengine yana floraidi nyingi.

Anaharisha, nimpe soda apate nguvu?
Sukari ya soda inaweza kuzidisha kuharisha. Tumia pakiti ya ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) iliyoandikwa lita 1, maji safi lita 1 kamili, ikipita saa 24 mwaga. Chini ya miaka 2 mpe ml 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, zaidi ya hapo ml 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, endelea kwa kijiko. Hospitali uulizie na zinki. Macho yakidumbukia, akalia bila machozi, au akalegea na kushindwa kunywa, mpeleke saa hiyohiyo.